Tulisoma Pamoja na Wazazi Wetu

Watu wakizungumzia elimu na maendeleo hapa Mbinga, huanza kuhesabu vijana waliofika mbali. Yule ni daktari Dodoma, yule mhandisi Dar es Salaam, yule mwingine amekwenda kusoma ng'ambo. Nami huwahesabu, na kwa fahari, maana baadhi yao niliwashika mkono walipokuwa wakijifunza kuandika a, e, i, o, u. Lakini nikiulizwa ni lini hasa niliiona elimu ikiinua watu, sitaji mtu mmoja. Nataja miaka: kuanzia 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye Ziwa Nyasa na milimani, wakati mtoto, mama yake na babu yake walipokuwa wanafunzi wa shule moja. Nilikuwamo, kwanza kama mwanafunzi na baadaye kama mwalimu. Nataka niliyoyaona yaandikwe kabla sisi tulioyashuhudia hatujaisha.

Nilizaliwa mwaka 1960 katika kijiji cha wavuvi upande wa Liuli, penye jiwe kubwa liitwalo Pomonda. Elimu ya darasani ilitufikia kwa njia ya ziwa. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliweka makao yao kisiwani Likoma katika miaka ya 1880. Kutoka huko mashua zao, na baadaye meli yao Chauncy Maples iliyoshushwa majini mwaka 1901, zilipita kijiji kwa kijiji zikishusha mwalimu na vitabu. Milimani, Wabenediktini waliokuwa wamefika Peramiho mwaka 1898 walifungua misheni ya Kigonsera, kisha wakaendelea hadi Litembo. Ni katika seminari ya Kigonsera alikopita Benjamin Mkapa, kijana wa Lupaso, Masasi, miaka mingi kabla ya kuwa Rais wa awamu ya tatu.

Shule zile zilitoa watu wa maana, na sitakubali mtu azibeze. Ila nafasi zake zilikuwa chache. Aliyefaulu aliendelea, aliyeshindwa alirudi kwenye nyavu au kwenye jembe, na msichana mara nyingi hakufika hata kwenye mtihani. Aliyefika juu aliondoka, akawa karani, padri au mwalimu katika nchi za mbali. Meli iliyomleta mwalimu ndiyo iliyomchukua mwanafunzi bora. Kijijini walibaki watu wawili watatu wenye kusoma, na kijiji kizima kikaishi kwa macho yao.

Baba yangu, kama wanaume wengi wa ukanda huu, alikwenda Tanga kukata mkonge. Barua zake zilipofika, mama alizifunga kwenye pindo la kanga na kuzipeleka kwa mzee wa kanisa aliyekuwa amesoma Likoma. Barua ilisomwa barazani, watoto wa jirani wamekaa, wanawake wanapita na maji kichwani. Kiasi cha fedha kilichotumwa, nani anadaiwa, nani anaumwa, yote yalijulikana mtaani kabla mama hajafika nyumbani. Majibu nayo yaliandikwa vivyo hivyo. Mama alisema kwa sauti, mzee akaandika, na yale ambayo mke angependa kumwambia mumewe akayanyamazia. Ndipo ninapoanzia kila ninaposema kwamba elimu humjenga mtu binafsi. Kutojua kusoma kulimnyima mama yangu siri katika ndoa yake mwenyewe.

Niliingia darasa la kwanza mwaka 1968. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967, na Machi mwaka huo Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Kwetu sisi watoto hilo lilimaanisha shamba la mihogo la shule, bustani, na kujenga nyumba ya mwalimu kwa mikono yetu. Katika mkoa wetu wa Ruvuma jambo hilo halikuwa geni kabisa. Walimu wakubwa walitusimulia habari za Litowa, kule Songea, ambako vijana waliokuwa pamoja na Ntimbanjayo Millinga walikuwa wameanzisha kijiji chao cha ujamaa tangu mwanzo wa uhuru. Mwalimu Suleiman Toroka aliiongoza shule yao kwa namna ambayo kazi ya kijiji ilikuwa pia somo la darasani. Muungano wao, Ruvuma Development Association, ulivunjwa Septemba 1969, lakini wazo la kwamba shule na kijiji ni kitu kimoja lilikuwa limekwisha kupanda mbegu yake huku kwetu.

Kisha ukaja mwaka 1970, uliotangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Katika salamu zake za kufunga mwaka 1969, Mwalimu Nyerere alikuwa amesema waziwazi kwamba nchi haiwezi kusubiri watoto wakue. Wakubwa wasome sasa. Katika kijiji chetu kisomo kilianza chini ya miembe, saa za alasiri, baada ya wanawake kuanika mihogo na kabla wanaume hawajaingia ziwani kwa uvuvi wa usiku. Walimu walikuwa wachache, kwa hiyo wanafunzi wa madarasa ya juu tulipewa vikundi. Nilipofika darasa la tano nilipewa kikundi cha wanawake, na mama yangu alikuwa mmoja wao.

Haikuwa kazi nyepesi. Mtoto wa kike kumsahihisha mama yake na shangazi zake mbele za watu ni jambo zito katika mila zetu. Mwalimu wetu mkuu alitufundisha namna ya kulifanya. Kila siku tulianza kwa kuamkia, shikamoo kwa kila mmoja, kisha tukaomba ruhusa ya kuendelea. Nikitaka kumrekebisha mtu sikusema amekosea, nilimwomba tuandike tena wote pamoja. Kisha, jioni, nikirudi nyumbani, mama alinifundisha kusonga ugali wa muhogo na kupaa samaki, akinirekebisha bila kuniomba ruhusa. Katika mwaka ule nilijifunza heshima kwa namna mbili, na zote mbili zilinifaa maisha yangu yote ya ualimu.

Siku mama alipoweza kusoma mwenyewe, hakutangaza. Nilimkuta ndani, amefungua kibahasha cha zamani, anazisoma upya barua za baba za kutoka Tanga, kidole chini ya kila neno. Baba alikuwa amekwisha kurudi nyumbani siku nyingi. Aliponiona alinionyesha mahali pamoja kwenye karatasi. Palikuwa na maneno ya mume kwa mkewe, maneno mazuri, ambayo mzee aliyesoma barua ile barazani alikuwa ameyaruka, naamini kwa haya. Mama aliyapata baada ya miaka mingi, na aliyapata kwa macho yake.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Redio Tanzania ilitangaza vipindi, vikundi vikakusanyika nchi nzima, watu wanaokaribia milioni mbili, kila kikundi na kiongozi wake na kitabu chake. Kwetu tulisikiliza, tukasoma ukurasa unaohusika, tukajadiliana, kisha tukakubaliana la kufanya kabla ya kipindi kinachofuata. Ndivyo vyoo vilivyochimbwa katika kijiji ambacho tangu enzi za mababu ufuko ulikuwa ndio choo. Wazee walikuwa wameambiwa habari ya vyoo na mabwana afya tangu zamani, kwa amri na faini, wasifanye. Safari hii walisoma wenyewe kichocho na minyoo hutoka wapi, wakabishana, wakaamua, na uamuzi ulikuwa wao. Hapo niliona jinsi elimu inavyoijenga jamii. Watu walipata jambo la kujadili na uwezo wa kulijadili wakiwa sawa.

Nilimaliza darasa la saba mwaka 1974. Novemba mwaka huohuo chama tawala, TANU, kilikaa Musoma na kuamua kwamba kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Hesabu ya walimu haikuruhusu. Vyuo vilivyokuwapo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda ule, kwa hiyo serikali iliamua kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafundisha ualimu wakiwa kazini. Mwaka 1976 nilichaguliwa. Nilikuwa na miaka 16.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Asubuhi tulifundisha watoto chini ya uangalizi wa mwalimu mzoefu. Mchana na siku maalumu tulikusanyika kwenye kituo cha kata, ambako mkufunzi alitufundisha masomo na mbinu za kufundishia. Tulisoma pia kwa njia ya posta na redio. Mwishoni tulikwenda chuoni kwa wiki chache, tukafanya mtihani na kupata cheti cha Daraja la Tatu C. Nchi nzima vijana walioingia ualimu kwa mlango huo walikuwa makumi ya maelfu. Mimi nilipangiwa shule ya milimani, katika nchi ya Wamatengo.

Wakati ule kutoka ziwani hadi Mbinga mtu alipanda kwa miguu. Ndiyo njia waliyopita kina mama wa kwetu wakiwa na usipa mkavu kichwani, wakienda kubadilishana kwa maharage na mahindi, na ndiyo waliyopita vijana waliokwenda kuchuma kahawa wakati wa msimu. Niliwakuta watu wa ukungu na baridi, wenye migongo ya milima iliyolimwa hadi kileleni, na lugha nisiyoijua. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, mwalimu Mnyasa na watoto wa Kimatengo.

Shamba la shule lilikuwa kwenye mteremko mkali. Nami, mtoto wa ufuko, sikujua pa kuanzia. Waliolijua ni watoto na bibi zao. Walinionyesha kilimo cha ngolo. Wanaume na wavulana hufyeka majani na kuyalaza yakauke katika miraba, kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani yale. Hubaki shimo katikati na matuta pande nne. Majani huoza na kuwa mbolea, mvua hutuama mashimoni badala ya kuteremka na udongo, na mlima hubaki mahali pake. Maharage hupandwa mwezi wa tatu, mahindi msimu unaofuata. Wamatengo walilima hivyo kabla shule haijafika kwao, na wataalamu waliokuja baadaye kupima udongo walikuta bibi zetu wako sahihi. Tuliwaalika bibi wale waje kufundisha somo la kilimo. Walikaa mbele ya darasa, nasi walimu vijana tukaandika.

Nilifundishwa pia habari ya sengu. Zamani wanaume wa ukoo walikula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao, wavulana wakiwa miongoni mwao, chakula kikiletwa kutoka kila nyumba. Palepale kesi zilisikilizwa, kazi zilipangwa, vijana walionywa, na yatima alishiba bila kuomba. Niliposikia habari hiyo nilielewa kwa nini Wamatengo walikipokea kisomo kwa urahisi. Kukaa pamoja ili kujifunza na kuamua lilikuwa jambo lao tangu awali, na kisomo kiliwaongezea kalamu tu. Kiliwaleta pia wanawake mezani.

Mwaka huohuo wa 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi ya kukusanya na kupima kahawa ikaangukia mikononi mwa vijiji. Sheria ya Vijiji ya 1975 ilikuwa imeunda halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 25 na kamati zake, na vijiji vikajikuta vinahitaji katibu, mtunza fedha, karani wa mizani na mtunza ghala. Watu hao walitoka wapi? Walitoka katika darasa letu la jioni la kisomo. Waliojifunza kuandika majina yao miaka miwili kabla walipewa vitabu vya hesabu za kijiji, na kijiji hakikuwa na budi kuwaamini.

Nakumbuka msimu mmoja vizuri. Wakulima walikuwa wameleta kahawa iliyomenywa, kuoshwa na kukaushwa, wamepanga mstari kwenye ghala. Tangu zamani mkulima alikaa upande asioiona mizani, karani akasoma, akaandika, akatoa stakabadhi, na mkulima akaikunja bila kuitazama. Mzee mmoja wa darasa letu la jioni aliomba asimame upande wa mizani. Aliomba kwa adabu, kofia mkononi. Aliisoma namba kwa sauti, akaiandika kwenye daftari lake la kisomo, kisha akaomba aione stakabadhi. Namba hazikulingana. Karani alisahihisha. Aliyefuata mstarini naye alitoa daftari. Na wa tatu. Msimu uliofuata wakulima waliokuja ghalani na daftari walikuwa wengi kuliko wasiokuja nalo, na kahawa ileile, ya mashamba yaleyale, ikaanza kuwaletea fedha zaidi.

Nimesikia hotuba nyingi kuhusu elimu na uchumi. Hakuna iliyonifundisha kuliko mstari ule wa ghalani. Mtu mmoja mwenye kusoma angeweza kumkamata karani siku moja, na siku ya pili angeonekana mkorofi na kutengwa. Mstari mzima wenye kusoma ulibadilisha namna ya kupima, na karani mwenyewe akawa mwaminifu zaidi maana uaminifu ndio ulikuwa utaratibu. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa dawa ya chulebuni, ugonjwa wa kahawa. Shamba la anayechanganya dawa kwa kipimo kilichoandikwa haliwezi kupona ikiwa jirani anamwaga kwa kukisia na ugonjwa unavuka mpaka. Walipoweza kusoma maelekezo wote, mlima mzima ulipona.

Takwimu za taifa zilisema hadithi hiyohiyo kwa namna yake. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikadiriwa kuwa asilimia 67. Baada ya mtihani wa taifa wa kisomo wa 1975 walikuwa asilimia 39, mwaka 1977 asilimia 27, na mwaka 1986 chini ya 10. Nami nilikuwa mmoja wa waliosimamia mitihani ile vijijini. Niliwaona akina mama wamekaa wanaandika, watoto wachanga mgongoni. Katika kijiji nilichofundisha, baadhi yao waliingia halmashauri ya kijiji. Waliingia kwa kuwa walikuwa na uwezo wa kusoma muhtasari wa kikao kilichopita na kusema kwamba jambo hili halikuamuliwa hivi.

Kulikuwa na upungufu, tena mkubwa. Madarasa yalijaa, vitabu vilikuwa vya kugawana, watoto waliandika mchangani. Watu walitutania kwamba UPE, jina la mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote, maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Maneno hayo yaliuma kwa sababu yaligusa kweli. Kijana wa darasa la saba hawezi kumpeleka mtoto mbali katika sayansi na hisabati, na kizazi kimoja kililipa gharama hiyo. Hata hivyo nawauliza wanaotubeza: kama tusingeingia sisi, nani angeingia? Shule nyingi tulizozifungua zisingekuwapo. Tuliishi vijijini, tulilima, tulizaa na kuzika humo, na mzazi alikuwa na uhuru wa kumgongea mwalimu mlango usiku aje amsomee barua ya hospitali. Walimu waliokuja baada yetu walijenga juu ya msingi huo.

Kilichotuumiza zaidi kilikuja baadaye. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta, na uchumi uliodidimia vilikausha mifuko ya serikali. Miaka ya 1980 ada na michango ilirudi shuleni. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka, na mkulima wa Mbinga akalazimika kuchagua ni mtoto yupi asome. Uandikishaji wa shule za msingi, uliokuwa umekaribia asilimia 98 mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulishuka chini ya 80 katika miaka ya 1990. Kisomo ndicho kilichokufa kwanza na kimyakimya. Posho ya walimu wa jioni ilikoma, mafuta ya taa yakakosekana, betri za redio zikaisha, na hakuna aliyetangaza kwamba tumeacha. Jambo la kusikitisha ni kwamba kiliondoka wakati kilipohitajika zaidi. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wa kahawa waliruhusiwa kuingia vijijini na fedha taslimu, wakati ambapo vijana waliokosa shule walikuwa wameanza kuwa wakulima. Daftari zikapungua mstarini.

Wasichana waliumia kuliko wote. Katika shule moja niliyofundisha, binti aliyekuwa wa kwanza darasani alipata mimba. Utaratibu wa wakati ule ulikuwa kufukuzwa, naye alifukuzwa siku hiyohiyo. Nilimsindikiza hadi kwao. Mama yake, aliyekuwa amehitimu kisomo, aliniuliza kama ipo ruhusa ya binti kuja darasa la jioni na watu wazima. Lingekuwapo, angekuja. Halikuwapo tena. Novemba 2021 serikali ilipotoa waraka wa kuwaruhusu wanafunzi kama yeye kurudi shuleni baada ya kujifungua, nilimfikiria. Alikuwa amekwisha kuwa bibi.

Sisemi kwamba nchi ilibaki pale. Mwaka 2001 serikali ya Rais Mkapa ilifuta ada ya shule za msingi, na mwezi wa kwanza uliofuata tuliandikisha watoto hadi karatasi zikaisha, wengine wakiwa na miaka 12 wakiingia darasa la kwanza. Zikafuata shule za sekondari za kata. Mwaka 2016 elimu ikawa bila ada hadi kidato cha nne. Enzi zetu, katika watoto mia waliomaliza darasa la saba, waliopata sekondari ya serikali hawakufika 10. Leo mtoto wa ufukweni anatembea kwenda sekondari na kurudi kula kwao. Nyasa imekuwa wilaya, lami imeteremka kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na safari tuliyoipanda kwa jasho hufanyika kwa muda mfupi. Haya ni matunda, na mwenye macho anayaona.

Lakini nikikaa na vijana hawa, na wazazi wao, naona jambo ambalo halikuwapo katika ujana wangu. Nyumba moja ina mtoto wa chuo kikuu, na mama ambaye hutia dole gumba. Sensa ya 2012 ilionyesha kwamba watu wazima wanaojua kusoma na kuandika nchini walikuwa karibu asilimia 78. Hata tukikubali kwamba njia za kupima zilitofautiana, tulirudi nyuma kutoka pale tulipokuwa 1986. Na mahitaji ya kusoma yameongezeka. Kahawa sasa huuzwa kupitia vyama vya msingi, malipo huingia benki, ujumbe huja kwenye simu. Makaa ya mawe ya Ngaka yanachimbwa, na mahali pa uchimbaji pana karatasi za fidia za kutiwa sahihi. Mtoto aliyesoma yuko Dar es Salaam. Anayetia sahihi ni mzazi aliyebaki.

Inawezekana kufanya vingine, na mfano uko jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, pamoja na wenzao kutoka Japani, walikwenda Kindimba kujifunza habari ya ngolo na maisha ya milima ya Umatengo. Wanakijiji waliunda kamati yao, wakaipa jina la Sengu, na kupitia kamati hiyo wakajenga mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, wakapanda miti na kuchimba mabwawa ya samaki. Wasomi wa chuo kikuu na wakulima walikaa kikao kimoja, kila upande ukiwa na la kufundisha. Nilipozisikia habari zile niliwatambua. Walikuwa wanafanya tuliyofanya chini ya miembe na kwenye shamba la shule, kwa vifaa bora kuliko vyetu.

Nimestaafu. Sina cheo cha kuamuru lolote. Ninachokiomba ni kidogo na kinawezekana. Shule za kata zina madarasa, zina umeme mahali pengi, zina walimu wenye shahada, na kila alasiri zinafungwa kwa kufuli. Zifunguliwe. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wapewe vikundi vya wazazi, kama tulivyopewa sisi, na kazi hiyo ihesabiwe katika masomo yao. Wazazi wasome stakabadhi ya chama, ujumbe wa benki, kadi ya kliniki na maelekezo ya dawa. Bibi wa ngolo na mvuvi anayezijua pepo za ziwa waitwe kufundisha zamu yao. Halmashauri za Mbinga na Nyasa zitenge posho ya kazi hiyo kila mwaka katika bajeti zao, na madiwani waulizwe habari yake wakati wa kura. Mtoto anayemfundisha mama yake kusoma hufaulu masomo yake pia. Hilo sikulisoma kwenye kitabu cha ualimu. Nililifanya mimi mwenyewe.